Samaki wa Dirie

Jumapili baada ya ibada, Nyamai alikuwa akitoa kiti chake nje, mtaani Bahati, anafungua daftari, na sisi majirani tunasogea. Alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Magazeti ya kigeni waliyotupa wakubwa aliyaokota, akakata habari za ajabu na kuzibandika daftarini kwa uji wa unga. Mwaka ule wa 1977 wengi wetu hatukuwa tumevuka hata mpaka wa nchi, lakini tulijua habari za kuku wa Amerika aliyeishi mwaka mmoja na nusu baada ya kukatwa kichwa, akidondoshewa chakula shingoni.

Aliyependa vikao vile kuliko sote ni Dirie, mzee wa Kisomali aliyeuza ngozi soko la Kariokor. Nyumba yake na ya Nyamai zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mke wa Nyamai, Ndanu, alipobanwa usiku na uchungu wa kumzaa mtoto wao Kanyiva, ni Dirie aliyemkimbiza hospitalini kwa pikapu iliyonuka ngozi mbichi. Siku Nyamai alipotusomea kwamba kaskazini ya dunia kuna mahali jua halitui kwa wiki nyingi, Dirie aliuliza, "Na Waislamu wa huko, Ramadhani wanafuturu saa ngapi?" Tulicheka mpaka machozi. Nyamai alikiri kwamba gazeti halikusema.

Kisha ikaja Jumapili moja Dirie akasema naye ana la kusimulia. Alipokuwa kijana, yeye na wenzake wakichunga ng'ombe karibu na Mto Tana, walichimba bwawa lililokauka miezi mingi. Wakapasua bonge la udongo mgumu, ndani wakakuta samaki amejikunja, hana dalili ya uhai.

"Tulimtia kwenye ndoo ya maji," alisema. "Tukakaa, tukakaa. Mara akapumua."

Watu walinyamaza kabisa. Hata watoto walitulia. Nyamai hakuwahi kupata ukimya kama ule, na nadhani hapo ndipo wivu ulipomchoma.

"Umeyasoma wapi hayo, mzee?"

"Sikusoma. Nilimshika kwa mkono huu."

"Na alipoamka, alikusalimu?"

Kicheko kililipuka. Dirie naye alitabasamu, akingoja mzaha upite. Lakini Nyamai alifunga daftari. "Mimi hapa nasoma mambo yenye picha. Uongo upeleke Kariokor, huko utapata wanunuzi."

Tulicheka tena. Nami nilicheka, sitaficha.

Neno lile halikubaki Bahati. Vijana walianza kumwita Mzee Samaki. Biashara ya ngozi huenda kwa neno la muuzaji, na alipomwambia mteja kwamba ngozi hii haina tundu, aliulizwa, "Kama yule samaki wako?" Hakuja tena kikaoni. Asubuhi aliitikia salamu ya Nyamai na kupita. Ndanu alimwambia mumewe mara nyingi, "Baba Kanyiva, nenda ukamwombe radhi." Nyamai alijibu kwamba ulikuwa utani tu. Mwaka uliofuata Dirie alipakia vitu vyake, akahamia mtaa wa Huruma.

Mwaka 1983 Nyamai alifungua gazeti la picha ofisini, akamkuta samaki amejikunja ndani ya udongo, na maelezo ya jinsi anavyolala humo kiangazi kizima akingoja maji. Aliikata ile karatasi na jioni akaenda Huruma.

Mlango ulifunguliwa na Shamis, binti wa Dirie. Mzee alimkaribisha kwa heshima, akaagiza chai. Nyamai alimwonyesha picha. Dirie aliisogeza karibu na taa.

"Ndiye," alisema. "Mkia ni ule ule."

"Mzee Dirie, nisamehe. Kumbe ulisema kweli."

"Nilijua nasema kweli, Bwana Nyamai. Hii karatasi umejiletea mwenyewe." Alimrudishia. "Kama isingechapishwa, ungekuja?"

Nyamai aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Nilikusamehe siku nyingi," Dirie alisema. "Lakini nilidhani wewe ndiye mtu mmoja pale mtaani ambaye angeniamini."

Walimaliza chai wakiongea habari za mvua. Nyamai alimwalika Bahati, na mzee akasema inshallah. Hakuja.

Jumapili iliyofuata Nyamai alisimama mbele ya kikao. Hakusoma. Alieleza tu kwamba Dirie alisema kweli na yeye alimvunjia heshima mbele ya watu. Lakini wapangaji wengi walikuwa wageni.

"Dirie ndiye nani?" aliuliza mama mmoja.

Nyamai alitutazama sisi wachache tuliokuwapo siku ile, kama anayetaka tumsaidie kueleza. Tuliinamisha macho. Basi akaanza mwenyewe, tangu usiku ule Dirie alipomkimbiza Ndanu kwa pikapu.