Shikamoo, Joka

Mchezo wetu ulitoka kwenye mtumba. Mama alikuwa akiuza nguo za watoto sokoni Kharumwa, na siku moja alipofungua belo, katikati ya sweta na soksi zisizo na pacha, akakuta boksi bapa lililobonyea pembe. Ndani mlikuwa na ubao wa kukunja, dadu moja, kete kadhaa za plastiki zenye umbo la watu na joka jekundu lenye bawa moja. Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Maneno ya kwenye ubao yalikuwa ya lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuijua, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kukiri kirahisi kwamba kuna kitu hakijui.

Mimi na kaka yangu hatukuona tatizo. Yule mtu mfupi mwenye ndevu na sururu alikuwa mchimbaji, hilo halikuwa na mjadala. Wachimbaji tulikuwa tukiwaona kila asubuhi wakielekea kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, ingawa wa kwetu walikuwa warefu kidogo. Mzee wa kofia iliyochongoka alikuwa mganga. Ngome ya mawe iliyochorwa katikati tuliiita kichuguu. Ndani ya kichuguu kulikuwa na dhahabu, na juu ya dhahabu alikaa joka.

Sasa joka unampitaje? Kaka, ambaye ni mkubwa wangu, alitaka tupigane naye. Nikasema huwezi kumvamia mtu mzima nyumbani kwake hata hujamwamkia. Tukabishana mpaka mama akauliza tunagombea nini, na akakata kesi bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa akizikunja: joka ana nyumba, ana mali, basi ni mkubwa, aamkiwe. Ndivyo sheria ilivyozaliwa. Ukifika kichuguuni unasema, "Shikamoo, joka." Aliyekaa kulia kwako ndiye anayemjibia, lakini lazima atupe dadu kwanza. Ikija sita, joka anaitikia marahaba na unapita. Isipokuja, joka kanyamaza, na mtu aliyenyimwa marahaba hana la kufanya ila kurudi nyumbani akaanze upya.

Ulikuwa mchezo wa kipuuzi na niliupenda sana. Haukutaka akili, ulitaka uvumilivu na kucheka tu. Kaka aliuchoka mapema. Alihamia kwenye drafti la vizibo vya soda, na alipokwenda sekondari akarudi na chesi, akinieleza jinsi ya kufikiria hatua tatu mbele wakati mimi hata ya kwanza sijaipenda. Siku hizi anacheza kwenye simu. Anajenga miji, anapanga majeshi, anaamka kabla ya jogoo kuangalia kama kuna mtu kamchomea ghala. Anasema mchezo wa bahati si mchezo, ni kusubiri foleni. Mimi namwambia michezo yake ni kazi ya pili, na ya kwanza tayari inamchosha.

Lakini na mimi sijatulia. Nimeishi Mhunze nikahama, sasa nipo Nkome nanunua dagaa, na kote nilikopita nimekuwa nikitafuta mtu wa kucheza naye. Mhunze nilinunua ludo, jirani yangu akaniuliza ni ya mtoto gani. Nkome watu wanacheza karata, wanazipiga juu ya meza utadhani wanaua mende. Nilikaa nao. Nilicheza mkono mmoja, mkono wa pili nikainuka kwenda kugeuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Nikarudi, nikainuka tena. Mama mmoja akaniambia, "Wewe dada, kiti chako kina miiba?" Nilicheka, ila alikuwa amesema kweli.

Nilijua kinachonisumbua, na kujua hakukunisaidia. Sikuwa nautaka mchezo. Nilikuwa namtaka kaka yangu. Anaendesha mitambo mgodini, upande wa Geita, na kwa miaka kadhaa mazungumzo yetu ya simu yamekuwa yale yale. Salama? Salama. Kazi? Tunasukuma. Mama? Yupo. Kisha kimya, kila mmoja akimngoja mwenzake aage. Nilianza kuogopa kwamba tutazeeka hivyo, ndugu wawili wanaopeana taarifa.

Kwa hiyo mwaka huu tulipokutana kwa mama Kharumwa, yeye akiwa na mapumziko mafupi na gari la kumrudisha likiwa la mchana ule ule, nilishusha boksi juu ya kabati, nikapangusa vumbi, nikautandaza ubao juu ya stuli mbele yake.

"Shikamoo kaka. Unakumbuka?"

"Marahaba. Hili boksi bado lipo?" Akaligeuza. "Sikumbuki kitu. Tulikuwa tunachezaje?"

Nilipanga kete polepole, nikitumaini mikono yake itakumbuka yenyewe. Badala yake mikono ilitoa simu, ikaupiga ubao picha, na baada ya muda mfupi simu ikamletea maelekezo ya kweli, yale ambayo hayakuwemo kwenye belo.

"Angalia sasa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alichangamka. "Joka anapigwa. Kila mtu ana pointi zake za nguvu. Na huyu mfupi wako wa sururu ni mwizi, kazi yake kuiba hazina za wenzake. Miaka yote tulikuwa tunacheza upuuzi."

"Si mwizi. Ni mchimbaji."

"Imeandikwa hapa."

"Aliyeandika hajafika Kharumwa."

Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye simu. Iliniuma. Nilikuwa nimesafiri toka Nkome nikiuota mchana ule, na sasa nilikuwa namwona akisoma kanuni za watu wengine huku mguu wake ukitikisika na jicho likienda barabarani, kuangalia gari. Nikatupa dadu peke yangu. Nikasogeza mchimbaji wangu, nikatupa tena, nikasogeza. Kaka alitupa zamu yake nilipomsukuma kiwiko, akasogeza mganga bila kumtazama. Tulikwenda hivyo mpaka nikafika kichuguuni.

Niliona aibu, mwanamke mzima. Kisha nikasema kwa sauti, maana nilikuwa nimekasirika, "Shikamoo."

Kaka hakuinua kichwa.

"Marahaba, mayu," akaitika mama kwa Kisukuma chake kutoka uani, alikokuwa akichagua michembe ya viazi vikavu. "Ndiyo mnaniaga tayari?"

"Bado, mama," nikasema. Nikamshika mchimbaji wangu, nikampitisha mbele ya joka, nikamweka juu ya dhahabu. Joka alikuwa ameitikia.

"Haihesabiki," akasema kaka.

Nikamtazama. Bado alikuwa na simu mkononi, lakini macho yalikuwa kwenye ubao.

"Mama hachezi," akasema. "Anayejibu ni aliyekaa kulia. Na lazima atupe sita kwanza. Usiniletee ujanja wako."

Sikuwa nimemwambia hayo. Maelekezo ya kwenye simu hayakuwa na kulia, wala marahaba. Nikamrudisha mchimbaji nje ya kichuguu, nikamsogezea kaka dadu.

Aliiweka simu chini, kioo kikiangalia sakafu. Akalitikisa dadu kwa mikono miwili, karibu na sikio, vile alivyokuwa akifanya zamani ili kunitesa. Akalitupa. Ikaja mbili.

"Joka kanyamaza," akasema. "Rudi nyumbani."