Wajina Wangu Kwenye Mkeka wa Bebi

Kwetu huku, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina lako, upende usipende. Ndivyo mtu asivyokwisha hata akifa. Kwa hivyo mjukuu wangu anayekaa mtaa wa Skuta ni mimi. Babake humwita mama, na akilia naulizwa mimi mbona nalia.

Alipofika miaka minne walimpeleka nasari moja ya mabati. Chumba kimoja, madarasa matatu: bebi kwenye mkeka na vifuniko vya soda, PP1 katikati na udongo wa kufinyanga, PP2 mbele na penseli. Nilikipenda chumba kile. Wa miaka mitatu apange, wa minne afinyange, wa mitano aandike. Mahindi hayapaliliwi siku ya kupandwa.

Lakini mtoto wetu ni mrefu. Mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, vile tulivyopimwa sisi wakati hakuna aliyejua alizaliwa lini. Akalifikia. Mamake alikuwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, hakuna aliyekiangalia. Mwanangu akajisifu mtaa mzima, ati mama amerushwa darasa. Akakalishwa PP2.

Penseli ikamshinda. Mwalimu alikuwa na dawa ya hiyo: anayeshindwa na herufi hupelekwa mkekani, na bebi humpigia makofi wakimwita jina. Jina langu. Muhula wa pili ulipofika, watoto wa mtaa walimwita hivyo yeyote aliyeangusha kitu. Nikipita na maziwa nalisikia nyuma ya ua, na hawajui ni la nani.

Nikaenda. Nilimkuta mkekani, mikono katikati ya magoti. Vifuniko vilikuwa mbele yake na alikatazwa kuvigusa, kwa sababu hivyo ni vya bebi na yeye ni PP2.

Mwalimu alikuwa msichana wa adabu. Alinipa kiti, akanimiminia chai. Nikamwomba amrudishe kwa wenzake wa miaka minne.

"Shosho, aibu ndiyo huamsha mtoto," akasema. "Nikimrudisha huyu, wengine watalala."

"Lakini yeye ni wa miaka minne."

"Sikio alishika. Mbele ya babake." Kisha akawageukia watoto, sauti tamu kabisa. "Nani huyu anayekuja kusaidiwa na nyanya yake?"

Wakajibu wote pamoja, hata bebi ambao hawajajua kuhesabu hadi tatu. Nakumbuka jina la kila mmoja aliyefungua mdomo. Mwalimu akanitazama akitabasamu, kama mtu aliyeonyesha mgeni kazi nzuri.

Nikamshika mtoto mkono tukatoka. Mwanangu alinigombeza, ati nimeharibu masomo.

Muhula wa tatu tulimpeleka nasari nyingine, kwa wa rika lake. Huko alifinyanga udongo muhula mzima, na sasa penseli anaishika vizuri. Lakini siku ya kwanza alipoulizwa jina alisema hana. Wanatumia lile la ubatizo.

Nyumbani tukimwita kwa letu, hunitazama akingoja niitike mimi. Jumapili iliyopita tulikuwa tukichambua maharagwe, nikamwita polepole, mimi mwenyewe.

"Hilo ni lako, shosho," akasema bila kuinua macho. "Kaa nalo."

Mwana mwingine wa kunizalia wajina sina.