Faili Lililogoma Kufutika

Dada yangu sisi nyumbani tunamwita Fagio, na jina lenyewe halimkeri. Kazi yake ni kuchukua programu za kompyuta zilizoandikwa na wengine, kuzifungasha, na kuzitoa kwa yeyote anayetaka kuzitumia, kuzinakili au kuzibadilisha. Faili ambalo mwenye haki kakataza lisinakiliwe, Fagio analifuta bila msalie mtume.

Kwenye kompyuta yake kila programu ina matawi mawili, yaani nakala mbili zinazokwenda sambamba. Moja lina programu kama ilivyotoka kwa watengenezaji, na hilo halitoki nje. La pili ni safi, ndilo linalokwenda kwa watu. Toleo jipya likija, analiunganisha na tawi safi, na mashine inakumbuka yenyewe alichofuta zamani. Programu moja ya kufundishia watoto kusoma ilikuwa na folda ya sauti iliyokatazwa kunakiliwa. Aliifuta miaka mingi iliyopita bila hata kuisikiliza.

Juzi mashine iligoma. Faili moja alilokwisha kulifuta, watengenezaji walikuwa wamelibadilisha, basi ikamuuliza: lirudi au libaki limefutwa? Mimi nilikuwa pembeni nakunywa chai yake na kumtania. Akalifungua asikie kilichobadilika.

"Ba, be, bi, bo, bu."

Chai ilinimwagikia mapajani wala sikuhisi. Ilikuwa sauti ya mama. Mama yetu mwalimu, tuliyemzika bila kubaki na hata neno lake moja kwenye simu.

Dada aliinamia kompyuta. Akalitafuta faili la toleo la zamani, maana mashine yake hutunza hata vilivyofutwa. Lile lilikuwa refu kidogo, halijakatwa mwisho. Mama alimaliza silabi, akakohoa, akamuuliza mtu, "Tumemaliza? Wanangu wako peke yao nyumbani."

Nililia, sioni aibu kusema.

"Dada, lirudishe. Watoto wa watu wamsikie."

"Mwenye haki ni kampuni iliyomrekodi, na imekataza."

"Huyo ni mama."

"Nimemsikia, mdogo wangu."

Akaijibu mashine: libaki limefutwa. Kifurushi kikaondoka bila mama. Nilipigwa na butwaa, na kusema kweli nilimchukia. Moyo gani ule, jamani?

Kisha akavuta kinasa sauti karibu.

"Watoto hawawezi kuachiwa kimya," akasema. "Nitawasomea mimi, na sauti yangu siikatazi kunakiliwa."

Akasafisha koo, akaanza. Sauti ilikuwa ya mama kabisa. Alifika "bi", akaziba mdomo kwa mkono, akashindwa kuendelea.