Kuni za Mama Veneranda

Andika kwanza wazazi wangu, Restituta, ili atakayesoma ajue anayesema ni nani. Baba yangu alikuwa Fulgensi, Mndamba, mvuvi wa mto Kilombero. Mama yangu alikuwa Skolastika, Mpogoro, aliyeshuka kutoka upande wa Mahenge kuja kuolewa huku bondeni. Mimi ni Otilia. Nilizaliwa kijiji cha Mbingu, shambani, wakati wa mavuno. Shule sikupelekwa, ndiyo maana kalamu umeishika wewe. Andika ninavyosema, wala usinirekebishe.

Juzi ulifika hapa Ifakara kutoka chuoni, ukanipa shikamoo huku unatazama chini. Nilikuacha ule kwanza. Kisha ukanieleza. Wewe ni katibu wa tawi la umoja wenu wa wasichana, na umoja huo una desturi ya kuwapokea wageni. Chuo kiliikataza, ninyi mkaiendeleza kwa siri. Mgeni mmoja, Prisila, mtoto wa watu wa Uchindile, aliambiwa azunguke uwanja na ndoo ya maji kichwani. Akasema kifua kinambana. Mkamjibu kwamba kila mgeni husema hivyo. Alipoanguka mkampepea kwa khanga, mkabishana kama matroni aitwe au asiitwe, na matroni alipofika mtoto alikuwa amekwisha kukata roho. Sasa mmekubaliana kusema kwamba alianguka akifua nguo, kwa kuwa dawa yake ya pumu ilikuwa imemwishia. Kesho mama yake anakuja kuchukua sanduku la nguo za mwanawe, na wewe ndiye uliyechaguliwa kumpokea na kumweleza.

"Bibi, na hilo niandike?"

Andika. Hilo kuliko yote.

Nami nina siku yangu, mjukuu wangu, ambayo sijamsimulia mtu. Babu yako alikufa bila kuijua. Nilikuwa msichana wa umri wako, au pungufu kidogo. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na watu wote walikuwa wamehamia mashambani, wakilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuamia, yaani kufukuza ndege kwa makombeo na madebe tangu jua linapochomoza. Mashamba kadhaa yalipakana, nasi tukajifanyia umoja wetu katika dungu moja kubwa. Mkubwa wetu nilikuwa mimi. Msichana mgeni tulimwekea sheria: ashinde siku nzima peke yake kwenye shamba la pembeni, karibu na matete, na akiita asijibiwe. Akivumilia, amekuwa mwenzetu. Wazazi walitukataza tangu mmoja alipozimia kwa jua. Tuliitikia "ndiyo", kisha tukaendelea.

Msimu ule mgeni alikuwa Veneranda. Asubuhi, mama yake alimwambia mbele yangu, "Vene, ukirudi uniletee kuni." Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Jua lilipofika utosini, Vene akaita kutoka kwenye matete. "Dada Otilia! Nimeumwa!"

Tukacheka. Monika, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi wote, akapaza sauti, "Umeumwa na chura?" Mwingine akadakia, "Mume huyo, amekuja kuposa! Mkaribishe!" Vene akaita mara ya pili, akaita na ya tatu. Kisha akanyamaza. Nikawaambia wenzangu, "Mmeona? Ameanza kukomaa."

Kilichotushusha dunguni hakikuwa huruma, na nataka uliandike hilo jinsi lilivyo. Tuliona kundi la ndege, kwelea, limetua kwenye mpunga wake na hakuna anayelifukuza. Tukakimbia kuuokoa mpunga. Tulimkuta amelala kifudifudi, kombeo bado liko mkononi, mguu umevimba, na kope za macho zinamshuka kama mtu anayesinzia. Alikuwa ameumwa na nyoka, swila. Aliniambia jambo, lakini ulimi ulikuwa mzito, sikulielewa. Mpaka leo sijui alisema nini.

Mzee Kasiani, aliyekuwa na mtumbwi, alikuwa karibu, tungemwita kwa sauti tu angesikia. Hatukumwita. Monika akasema, "Atauliza kwa nini alikuwa peke yake." Basi tukakaa kumzunguka Vene, tukapanga maneno. Alikuwa anaokota kuni. Ameumwa sasa hivi. Kila mmoja akayarudia ili tusipishane, na aliyekosea tukamrudisha mwanzo. Tulifanya hivyo huku yeye anahema kwa shida katikati yetu. Muda tulioutumia kujifunza uongo ule, Mzee Kasiani angekuwa amekwisha kuvuka mto.

Tulipomwita hatimaye, aliuliza jambo moja. "Ameumwa saa ngapi?"

"Sasa hivi, Babu."

Akautazama mguu, akanitazama. "Otilia, mguu huu ni wa sasa hivi?"

"Kweli kabisa, Babu."

Akaniamini. Kwa kuwa aliamini muda bado upo, alimpeleka kwanza kwa mganga wa mizizi wa mashamba ya jirani, badala ya kuvuka moja kwa moja kwenda hospitali. Tulipokuja kuvuka baadaye, mimi nikiwa nimempakata, Vene alifia mtumbwini, katikati ya mto. Mzee Kasiani akaliweka chini pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, mtumbwi ukachukuliwa na maji taratibu, naye akasema bila kugeuka, "Mpunga mmeulinda usiliwe. Na huyu je?"

Lakini siyo hilo lililonifanya nikushikishe kalamu. Ni mama yake.

Nilimweleza mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa. Nikasema, "Mama, alikuwa anaokota kuni." Nilidhani nimechagua maneno yasiyomuumiza mtu. Hakulia. Alikaa chini palepale, akasema, "Ni mimi niliyemtuma." Nami nikanyamaza, Restituta. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikalifunga mdomoni.

Mama Veneranda aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mingi kati ya hiyo alikuwa jirani yangu hapahapa mjini. Hakumtuma tena mtoto yeyote popote. Aliteka maji mwenyewe mpaka mgongo ukapinda. Watoto wangu, mama yako akiwemo, walimwendea, "Bibi, leta ndoo tukuchotee," naye akajibu, "Kaa, mwanangu. Wewe kaa tu." Nilisikia maneno hayo kupitia ukuta karibu kila siku. Alipofariki, ni mimi niliyemwosha. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa, na hata pale sikusema.

Sasa fikiri kesho. Utamwambia mama wa Prisila kwamba dawa ilikuwa imekwisha, naye atasema, "Ni mimi niliyechelewa kumtumia." Mmeutua mzigo wenu, mkamtwisha yeye, naye ataubeba mpaka kaburini akidhani ni wake.

Sikudanganyi kwamba ukisema kweli utapata nafuu. Huenda ukafukuzwa chuo, na pengine ukaitwa polisi. Wenzako watakuita msaliti, na Prisila hatarudi. Mimi mwenyewe sina hakika kama utathubutu, maana wewe ni damu yangu, na damu yangu naijua ilivyonyamaza.

Hata hivyo nakuagiza. Mtu akisema anaumwa, mwamini kabla hujamchunguza. Akianguka, anayeweza kusaidia aitwe kwanza. Aibu na adhabu vitasubiri, havijawahi kushindwa kumpata mtu. Ukiulizwa saa, itaje saa yenyewe, kwa kuwa kwa saa hiyo mtu huokolewa au hupotea. Na mkijiona mmekaa duara mnafundishana maneno ya kusema huku mgonjwa amelala, mjue mmeshageuka kuwa kitu kingine, hata kama mnajiita dada. Desturi ile ya wageni ife. Ukiwa katibu, andika kwamba imekufa.

Mungu akutangulie kesho mpaka mlangoni, akupe miguu ya kusimama mbele ya yule mama, na sauti isiyokatika kabla hujamaliza. Ukitoka pale umebeba lawama, njoo kwangu. Nitakufungulia.

Na haya ndiyo ya kutunza. Tunza karatasi hii, umsomee binti yako atakapojiunga na umoja wowote wa wenzake. Ukurasa wa daftari lenu wenye majina ya waliokuwepo uwanjani usiuchane. Maneno mliyoandikiana kwenye simu usiyafute, hata wakikusihi. Litunze jina la Prisila, na la Veneranda uliweke pamoja nalo, maana nikiondoka mimi hakuna tena anayelikumbuka.

Neno lile nililolifunga mdomoni wewe usilitunze. Mama yule akisema ni yeye, mjibu hapohapo, kabla hajakaa chini: "Hapana, Mama. Siyo wewe. Ni sisi."