Darasa Tulilolisusia

Darasa letu la Kiswahili lilinukia iliki na dawa ya kupigia deki. Lilikuwa kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa moja hapa Carrollton, pembeni ya jiji la Dallas, Marekani, Jumamosi asubuhi, na lazima mama mmojawapo aje na ndoo ya maandazi, la sivyo sisi watoto tungegoma kushuka kwenye magari. Ilikuwa mwaka 2017, nina miaka kumi. Wazazi wetu, Watanzania wengi na Wakenya kiasi, walikuwa wamechoka kusema Kiswahili na kujibiwa Kiingereza, ndipo wakaanzisha darasa. Mama yangu ndiye alikuwa mwenyekiti. Mwalimu alikuwa Mama Zawadi, Mkongomani mpole aliyebeba maboksi ghalani wiki nzima na kutufundisha siku yake ya mapumziko. Nilimpenda, lakini kusema kweli nilifuata maandazi.

Mwaka huohuo akaletwa Riziki. Alikuwa rika langu, Mkongomani; mama yake mzazi alifariki hapahapa Dallas, naye akachukuliwa na Wamarekani wawili, Dana na Lori, wanawake waliooana. Hawakutaka lugha ya marehemu impotee mtoto, basi wakawa wanamleta wenyewe. Dana, pande la mwanamke, dereva wa malori, alikaa nyuma na daftari lake akijifunza pamoja nasi, na shikamoo alimwamkia kila mtu, hadi kitoto cha miaka minne, nacho kikaitikia marahaba bila wasiwasi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wazazi wetu hawakucheka.

Kwenye kundi la simu la kina mama moto ukawaka. Watoto watajifunza nini pale? Wataanza kuuliza maswali. Mama akaenda kumwambia Mama Zawadi kwamba ama familia ile iondoke, ama sisi wengine tunawatoa watoto wetu. Nilikuwepo, nimemshikia mkoba. Mama Zawadi hakupandisha sauti; maneno yake Mama alikuja kunieleza baadaye.

"Huyu mama yake amekufa," alisema. "Nikimufukuza, ataongea Kiswahili na nani? Wenu muko nao nyumbani, mutawafundisha wenyewe."

Tukasusia. Mama alikuwa na uhakika kwamba baada ya Jumamosi mbili mwalimu angesalimu amri, maana darasa la mtoto mmoja si darasa. Kumbe lilikuwa darasa. Walihamia gereji ya kina Dana, mitaa miwili kutoka kwetu, wakaendelea. Na sisi kufundishwa nyumbani? We acha tu. Mama alikuwa muuguzi, Baba alikuwa na kompyuta zake, wote wanarudi hoi, na foleni za barabara zetu hizi si unazijua. Ikawa tutaanza wiki ijayo, wiki ijayo, hadi miaka miwili ikakatika. Nilikatazwa hata kumsemesha Riziki. Tulipanda basi moja la shule, nami nikawa najifanya naangalia dirishani. Bado naona aibu nikikumbuka.

Mwaka 2019 akaja Bibi kutoka Singida, mama yake Mama, kukaa nasi miezi minne. Nilikuwa nimemsubiri tangu nijue kusubiri. Kila nilipotoka shule tulibaki wawili tu ndani hadi jioni. Alikuwa msemaji hodari, mtu wa vichekesho. Nilijua kwa jinsi Mama alivyokuwa akicheka naye jikoni. Kwangu aliongea, akaongea, nami nikajibu "ndiyo, Bibi" hata pale ambapo jibu halikuwa ndiyo. Kiswahili changu kilikuwa cha salamu na chakula, basi. Aibu ikinizidi nilikimbilia chumbani na kufunga mlango. Wiki ya tatu akaacha kunisemesha. Alinipakulia, akaketi, tukatazamana. Niliogopa kwamba ataondoka hivyohivyo, kabla hatujajuana.

Ndipo nikamgeukia Riziki ndani ya basi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwomba radhi kwa kubabaika, nikamweleza shida yangu. Akampigia Lori kuomba ruhusa ya kuja kwetu kunitafsiria, na Lori, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukataa, akakubali. Bibi alipomsikia akimwamkia na kumuuliza habari za safari kwa Kiswahili chake cha Kongo, aliangua kicheko, akamshika mikono yote miwili, akamvutia kiti. Waliongea muda mrefu. Kisha Bibi akanitazama, akasema jambo kwa sauti ya chini, na Riziki akasita kabla ya kunitafsiria kwa Kiingereza.

"Bibi anauliza, kwa nini unamchukia? Kila akikusemesha unamfungia mlango."

Nililia kwa sauti. Nikasema hapana, hapana, kwa lugha zote mbili, na Riziki naye akawa anatafsiri huku analia.

Mama alitukuta hivyo. Alipoona mtoto aliyekaa mezani kwake, uso ukambadilika, akafungua mdomo. Bibi akamwahi, kwa maneno ambayo Riziki alinitafsiria baadaye.

"Kaniambia ana mama wawili. Hayo mimi siyaelewi, wala sijifanyi nayaelewa. Lakini wamemlea, anaongea na mimi. Na wewe, mjukuu wangu umeninyima kwa nini?"

Mama akaweka mkoba chini, akachukua sahani. Alimpakulia Riziki wali, akampeleka kwao kwa gari, mimi nimekaa nyuma. Mbele ya nyumba yao alikaa injini inanguruma mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akashuka, akagonga. Sikusikia alichosema. Nilimwona Lori akimkumbatia, Mama amesimama tu, mikono inaning'inia, halafu naye taratibu akamkumbatia.

Jumamosi iliyofuata nilirudi darasani. Wenzangu wachache walirudi, wengi hawakurudi. Wiki zilizobaki nilimsemesha Bibi kwa Kiswahili kibovu, akanicheka waziwazi, tukapendana sana. Aliondoka Januari 2020. Muda si mrefu dunia ikajifungia kwa korona, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Hatukwenda kumzika.

Sasa niko chuo. Tukikutana kwenye sherehe za watu wetu kule DeSoto, upande wa pili wa Dallas, wale wenzangu wa enzi zile hukaa na wazee wao wakitabasamu, wameelewa nusu, na nusu hawaulizi. Riziki anaongea kuliko sisi sote. Kwa miaka miwili alipata mwalimu mzima peke yake. Mama hukiri mwenyewe kwamba alitaka kunikinga. Najua ananipenda, na najua alichokiogopa, lakini hasira ninayo, sitaificha. Swali lile la Bibi sikulielewa kwa sauti yake. Nililipata kwa Kiingereza, kutoka kwa mtoto niliyekatazwa kumsemesha. Leo ningelielewa lote, na ningemjibu mwenyewe. Hayupo wa kuniuliza.