Gari la Mtu Asiye na Shida

Shule niliishia darasa la nne, na pesa nilianza kuishika kabla ya wengi waliomaliza kidato cha sita. Nasema wazi mapema ili mtu asidhani naficha. Nilibeba samaki kichwani kutoka mwalo wa Kirumba, wavuvi wanaposhushia, nikaja kuwabeba kwa baiskeli, na ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nguvu zake akaruhusiwa kutafuta, nikanunua pikapu ya Kijapani, ya bluu. Mtaani kwetu ilikuwa peke yake. Watoto waliipungia mikono hata nikiwa simo ndani.

Ilikuwa peke yake mpaka jirani yangu alipopunguzwa kazini.

Jirani huyu tulikuwa rika moja. Yeye alisoma, akavaa miwani, akawa bwana mkubwa kwenye shirika moja la umma, na shirika lilipobinafsishwa, wakubwa waliuziwa magari ya ofisi kwa bei ya kutupa. Akarudi nyumbani na saluni nyeupe iliyochoka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Nilicheka. Nikamwambia mke wangu, sasa tuone ile miwani itapika nini.

Siku nne baadaye saluni haipo.

"Imeenda wapi?" nikauliza.

"Kauza," mke wangu akasema. "Kwa mtu wa Shinyanga. Alitangaza gazetini, vile vitangazo vidogo vya ukurasa wa nyuma. Maneno kumi na moja tu, Baba watoto! Hata getini hakutoka."

Maneno hayo kumi na moja yalinikaa kifuani kama mwiba wa sato. Mimi kuuza kitu nimezoea kukimbia nacho, kupiga kelele, kushikana mashati na wanunuzi hadi jua linazama. Huyu amekaa kwenye kochi na kalamu, anakunywa chai, gari bovu limeondoka lenyewe. Na mtaa mzima ukawa na habari hiyo moja. Fundi cherehani anasema, "Kasoma yule." Mama wa maandazi anasema, "Elimu bwana." Nilikuwa napita hapo na pikapu yangu nzima, taa zote zinawaka, hakuna anayegeuza shingo.

Wakati huohuo Nyegezi kulikuwa na lori. Tani saba, la mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anahamia Tabora. Nililitaka lori lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Pikapu ilikuwa inaniishia hapahapa na magunia machache ya dagaa. Kwa lori ningefika Kahama, ningefika Dodoma, ningewaacha wenzangu wa mwaloni wanahesabu vumbi langu. Ila bila kuuza pikapu nisingeweza kulilipia.

"Nakungoja mpaka Jumamosi saa sita mchana," mzee akaniambia. Hiyo ilikuwa Jumapili. "Zaidi ya hapo sikuahidi. Kuna mwenzako anakuja kulizungukazunguka."

"Mwenzangu nani?"

"Simjui jina. Ana miwani, ana upara, shati kachomekea."

Jirani yangu huyo! Pesa ya saluni inatafuta lori. Lori langu! Nilijiona nimekaa dirishani asubuhi, yeye anapita nalo, mkono mmoja nje, miwani inang'aa.

Ningeweza kwenda kwa madalali wa pale Nyamagana, wananijua, wananiogopa kidogo. Lakini mimi sasa nilitaka gazeti. Yeye aliuza kwa siku nne kwa gazeti, mimi nitauza kwa siku mbili kwa gazeti hilohilo.

"Basi nenda jirani akuandikie," mke wangu akasema.

"Mimi? Niandikiwe na nani?"

Akaingia ndani, akaniletea ule ukurasa. Kumbe alikuwa ameutunza, ameukunja vizuri, jambo ambalo nalo lilinichoma. Nikasoma: *Saluni nyeupe inauzwa haraka. Mwenyewe ana shida. Bei maelewano. Piga simu*, na namba.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu mzima anaitangazia nchi kwamba ana shida! Sisi watu wa mwaloni hatufanyi hivyo. Siku ukionekana huna, siku hiyohiyo wavuvi wanampelekea mwingine samaki wako. Mimi hata nilipougua malaria kali nilikwenda mwaloni nimevaa saa.

Jumatatu asubuhi nikafika kwa wakala wa gazeti mjini, karibu na soko. Kulikuwa na dada mmoja na taipu. Nikampa karatasi yangu, akasoma kwa sauti:

"*Pikapu ya bluu, nzima kama imetoka Japani jana, inauzwa. Mwenye mali hana shida yoyote. Anazo mali nyingine. Asiye na fedha asisumbue.*" Akaniangalia. "Shikamoo mzee. Unajua hapa unalipa kwa neno?"

"Marahaba. Basi ongeza neno. Weka 'kabisa'."

"Niliweke wapi?"

"Hana shida yoyote kabisa."

Akacheka, akageuza uso. "Na 'haraka' niweke? Wengi wanaweka."

"Haraka ni ya watu wenye njaa, dada. Piga taipu, na chini weka namba ya simu ya dukani kwangu."

Tangazo likaenda Dar es Salaam kwa faksi, na Jumatano mchana gazeti likashuka na ndege. Nilinunua nakala sita. Moja nikaibandika dukani, moja nikaiacha makusudi kwenye benchi la mama wa maandazi. Langu lilikuwa refu kuliko yote ya ukurasa ule.

Simu ya dukani ikaanza kuita. Wa kwanza akaniuliza, "Kama huna shida, unauza ya nini?"

"Nimeamua tu."

"Imeua mtu?"

"Haijaua hata kuku!"

Akakata. Wa pili alipiga kutoka Bukoba, sauti ya upole kabisa. "Mzee wangu, niambie kama mwanao. Kuna kitu usiku kinaingia ndani ya hiyo gari?" Huyo nilimkata mimi. Wa tatu alitaka nipunguze, nikamwambia soma tangazo, mtu asiye na shida anapunguzaje? Akasema, "Haya tajiri, kaa nayo."

Alhamisi hakuna aliyefika. Na mtaani sasa nikawa habari mimi, ila si habari niliyoitaka: ilisemwa pikapu yangu imemgonga mtu kule Magu, ndiyo maana naikimbia. Mchana nikamwona jirani anapanda gari la Nyegezi, shati kachomekea. Nilisimama pale barabarani na funguo mkononi. Sikupata kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule siku ile, na hakuwa amenifanyia lolote.

Ijumaa baada ya swala wakaja watu wawili, mume na mke, wafugaji kutoka upande wa Magu. Mume alikuwa na gazeti limekunjwa kwenye koti. Mke hakusubiri kukaribishwa, alipanda mbele, akajaribu honi mara mbili, akaridhika.

"Mwangaluka, ngosha," nikamsalimu mume kwa kilugha chetu, ili ajue hapa si kwa wageni.

Akaitikia, akaizunguka pikapu polepole, akaipiga teke tairi, akainama chini. Alipoinuka akasema, "Nzuri. Kasoro yake nini?"

"Haina."

"Basi shida yako nini?"

"Hujasoma hapo? Sina."

Akalitazama gazeti, akanitazama mimi. "Sikiliza. Mimi nikienda mnadani, ng'ombe simshiki mdomo kwanza. Namuuliza mwenyewe kwa nini unauza. Huyu ataniambia mtoto anaoa, yule ataniambia baba yuko hospitali. Nikipata sababu ndipo naangalia meno. Asiye na sababu namwachia ng'ombe wake, maana huyo ama kamwiba ama ng'ombe hashiki mimba." Akamwita mke wake. "Shuka, twende."

"Mwambie aseme tu," mke akajibu, hajashuka.

"Nimwambie mara ngapi? Shuka."

Saa tisa ya Ijumaa. Mnunuzi mmoja tu wiki nzima, na anaondoka. Na hapohapo, wallahi, jirani akatokea getini kwake, anafuta miwani kwa ncha ya shati. Akanipungia mkono. "Vipi jirani, imeuzika?"

Sijui ilitoka wapi. Nilimshika yule mfugaji mkono, nikamvuta nyuma ya pikapu, nikaanza kunong'ona kama mtu anayetubu.

"Unamwona yule? Yule aliuza kigari chake kibovu kwa siku nne. Siku nne! Watu wanamwimba. Na sasa analitaka lori ninalolitaka mimi. Nisipouza leo, kesho saa sita analichukua, halafu kila siku atapita nalo hapa nikimwangalia. Siwezi. Siwezi kabisa. Hiyo ndiyo shida yangu, hakuna nyingine, gari ni zima."

Neno hilo sikuwahi hata kumwambia mke wangu.

Kumbe dirisha la gari lilikuwa wazi. Yule mama akaanza kucheka kule ndani ya gari, kicheko cha kupiga dashibodi. "Ana wivu huyu! Mume wangu, mtu mzima ana wivu!"

"Wewe nawe nyamaza," mumewe akasema, lakini naye mabega yanamtikisika. "Cherehani yako niliinunua kwa nini? Si kwa sababu mke wa kaka yangu alikuwa nayo, ukaninyima usingizi?" Akanigeukia. "Sababu hii naifahamu. Fungua boneti."

Bei aliishusha, si haba. Alisema mwenye shida hapangi bei, na shida nilikuwa nimeitaja kwa mdomo wangu. Nikapeana naye mkono. Waliondoka na pikapu, mke anapiga honi mpaka wakapotea nyuma ya majabali.

Jumamosi saa nne niko Nyegezi. Saa tano lori ni langu. Nilipita nalo mtaani kwetu mara tatu, ingawa njia ya kwenda kwangu ni moja. Mara ya tatu jirani akatoka nje, nikazima injini mbele yake, nikashuka polepole ili anione nikishuka.

"Hongera sana jirani!" akasema, na uso wake ulifurahi kweli, hilo siwezi kumnyima. "Kumbe ni wewe! Nimemfuata yule mzee wiki nzima anikodishie siku moja tu, ananiambia lina mtu."

"Akukodishie? Hukutaka kununua?"

"Mimi na lori wapi na wapi? Nina matofali ya kusomba. Nimeanza kujenga Buswelu, pesa ya gari yote nimeifukia kule. Vyumba vinne tu, vya kujisitiri. Utanisombea?"

Buswelu. Nyumba. Hakuwahi kunidokeza.

Safari ya kwanza ya lori langu ilibeba matofali yake. Wakati wanashusha, niliuzunguka msingi wake nikiupima kwa hatua, yeye akidhani nanyoosha miguu. Jumatatu nilikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji kulekule, naulizia kiwanja. Leo nyumba yangu ya kule ina vyumba sita. Iko upande wa juu, na ukikaa barazani kwangu unaliona bati lake lote.