Salamu Juu, Kahawa Chini

Krrr-tak. Krrr-tak-tak. Hiyo ni sauti ya kompyuta kuukuu ikisoma disketi, na mpaka leo naweza kukuigizia bila kukosea. Siku ya kwanza kuisikia nilicheka peke yangu darasani, maana ilikuwa ileile ya mashine ya bibi ya kumenyea kahawa, ya kuzungusha kwa mkono, pale tunda bichi linapokwama kwenye meno yake. Juzi nimerudi kwa bibi, huku milimani Mbinga, nikamkuta jirani anaizungusha mashine hiyo, imejaa kutu. Krrr-tak. Nikakaa kizingitini na begi langu mgongoni, nikashindwa hata kusalimia vizuri.

Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye orodha ya sekondari. Zilikuwa enzi za soko huria. Wanunuzi wa kahawa walipanda milima yetu na magari yao, kila mmoja na maneno yake matamu, na vitu vya nje vilikuwa vinaingia kama mvua: mitumba, redio za betri, mwishowe kompyuta nne zilizotumika, zikawekwa ukumbi wa parokia. Mwalimu wa kompyuta hizo alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora. Akina mama wa kikundi cha kahawa, bibi akiwemo, walimwomba awatengenezee tovuti ili wanunuzi wa mbali wawaone. Akawajibu, "Mama zangu, nipeni binti mmoja nimfundishe, atengeneze mwenyewe." Wakanichagua mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko! Kwenye kompyuta!

Bibi ndiye alikuwa na neno la mwisho, maana ulikuwa msimu wa kuchuma na mikono ilihitajika. Alinitazama huku akichambua maharage. Halafu akauliza, kwa Kimatengo, "Hicho kitu, mtu aliye ng'ambo ya ziwa anaweza kukiona?"

Nikamwambia anaweza, akipata kompyuta.

"Basi nenda. Lakini umwekee mjomba wako salamu."

Mjomba alikuwa ameshuka ziwani, upande wa Lundo, kufanya vibarua vya uvuvi. Baadaye tukasikia amevuka, kisha hatukusikia tena. Bibi alikuwa amemtumia salamu redioni mpaka kadi za salamu zikamwishia. Sasa akaniambia ya kuandika, nami nikayashika kichwani kama sala: Mwanangu, habari za huko. Mimi ni mzima. Ule mbuni ulioupanda nyuma ya jiko sijaukata. Njoo uuone.

Nilijifunza wiki tatu. Asubuhi nilichuma kahawa, mchana nikateremka ukumbini na vidole vinanata utomvu, mwalimu akanituma kwanza nikanawe. Ukurasa wa mwanzo uliandikwa kwa alama za mabano, moja ya kufungua, nyingine ya kufunga. Siku moja nilisahau kufunga alama ya herufi nene, ukurasa mzima ukanenepa, ukawa unapiga kelele mpaka neno la mwisho. "Ulichofungua ufunge," mwalimu akasema. "Kwenu hamna milango?"

Hatimaye nikamaliza, nikamwita aone. Kioo kilijaa maneno yangu. Shikamooni wakubwa wote. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Poleni na safari. Kisha salamu kutoka kwa mwenyekiti, kwa mweka hazina, kwa kila mama wa kikundi, kumi na wanne wote, nisije nikamwacha mmoja akanuna. Kisha salamu za bibi kwa mjomba.

Mwalimu alishuka na ukurasa, akashuka, akashuka.

"Binti, kahawa iko wapi?"

"Iko chini, mwalimu. Nitaanzaje kuuza sijamsalimia mtu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyo mgeni keshaondoka zamani! Wewe bado unamuuliza habari za watoto!" Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwa upole kwamba juu iwepo kahawa, na picha, na jinsi ya kutupata. Salamu zote zitoke. Nikamwomba ibaki ya mjomba tu. "Huu ni ukurasa wa kikundi, mwanangu. Siyo kipindi cha salamu."

Nikafuta mwenyewe. Kitufe kimoja, herufi moja moja, nikianzia mwisho: uuone, Njoo, sijaukata.

Jumatatu yake mwalimu alikuwa anaipeleka disketi Songea, kwenye mtandao, maana kwetu haukuwepo. Asubuhi hiyo bibi akatokea ukumbini na kitenge cha kanisani, ameshika mihogo ya kuchemsha na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, kwenye kitambaa, zawadi ya mwalimu. Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama anatazama mtoto mchanga ambaye haruhusiwi kumgusa. Hakujua kusoma.

"Ya mjomba wako iko wapi?"

Mwalimu alikuwa nje anafunga mzigo kwenye baiskeli. Nikaweka kidole kwenye mstari uliosema kahawa yetu inakaushwa juani kwenye vichanja.

"Hii hapa, bibi."

Akainama, akausoma mstari ule kwa macho yake yasiyosoma, polepole, mpaka mwisho wake. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kikundi kilipata barua mbili tatu kutoka mbali, halafu kikalegea kama vikundi vingi. Ukumbi siku hizi ni stoo ya viti vya harusi. Tovuti ile niliitafuta nilipopata simu yangu ya kwanza, haipo, imefutika yote. Mjomba hajarudi, wala hatujui aliko. Bibi aliishi miaka mingine saba akiwaambia watu kwamba mwanawe ana habari zake, ni safari tu ndiyo ndefu, nami nilikuwa nikikaa pale pale namenya mihogo. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia. Nilimwona anavyolala vizuri, nikaacha. Sijui kama ule ulikuwa upendo au woga. Labda vyote.

Juzi jirani alipomaliza kumenya akaenda zake, nilizunguka nyuma ya jiko. Mbuni upo, umezeeka, umezaa upande mmoja tu. Nikaupiga picha. Nikakaa chini yake na simu, nikatengeneza ukurasa wa mwanzo, wa bure, mdogo, usio na kikundi wala mwenyekiti. Nikaandika neno kwa neno yale niliyoyashika kichwani: Mwanangu, habari za huko. Mpaka Njoo uuone. Nikaongeza, ni salamu za mama yako, mimi nimechelewa kuzifikisha.

Salamu nimeziweka juu kabisa. Picha ya kahawa iko chini.